Walipotuambia Tuchague Balozi

Wanangu, mkiajiriwa kesho na kampuni ikawaambia kwamba afya yenu ndiyo jambo la kwanza, itikieni kwa heshima. Kisha tafuteni jambo la pili ni lipi, maana hilo la pili ndilo mtakalolifanya tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nimeambiwa hivyo na kila proje ya ujenzi iliyopita kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, na zimepita nyingi. Barabara yenyewe hujengwa kiangazi na kufa masika, kwa hiyo kazi haikutuishia.

Wananiita Mama Riziki. Nilianza kwa kubeba mawe kichwani, nikamaliza nikiwa kapita, yaani yule anayesimama mbele ya kikosi na kulaumiwa na pande zote mbili. Sasa nalima maharage yangu karibu na Lushebere, goti linanisumbua, na vijana mnapita hapa kila mara kuniuliza kazi ya barabara ikoje. Nimechoka kurudia. Haya, kaeni nisimulie mara moja.

Nianze na vifaa, kwa sababu wakubwa nao huanza na vifaa. Waliwahi kutuletea glavu za ngozi zilizoshonewa mikono ya majitu. Sisi wanawake tulishukuru sana, maana hujawahi kuona kitu kizuri kama hicho cha kuepulia sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo. Baadaye wakaleta vitambaa vya kufunika pua dhidi ya vumbi. Hivyo vilitumika kuchujia kasiksi, na pombe ya msimu ule haikuwa na makapi hata kidogo. Injinia alipouliza kwa nini hatuvai, tulimjibu kwamba tunavitunza. Kabla ya kununua, hakuna aliyekuja kutuuliza mkono wa mwanamke una ukubwa gani, au vumbi linatuingia saa ngapi na likitokea wapi. Wangeuliza tungewaambia. Tena bila malipo.

Hatari yenyewe haikuwa kwenye mikono. Ilikuwa kariere, machimbo yetu ya mawe na changarawe, ubavuni mwa kilima pale barabara inapoanza kushuka kuelekea msitu wa Walikale. Tulikuwa tunachimba chini, kwenye tumbo la ukingo, mpaka sehemu ya juu ikose pa kukalia na kuanguka yenyewe. Ni njia nyepesi, mlima unakufanyia kazi bure. Tatizo ni kwamba haukuambii utaanza saa ngapi.

Kapita wetu wa wakati huo alikuwa Papa Kalinda, na yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma ukingo. Punje ndogo zikianza kutiririka bila mtu kugusa, ondoka. Ukiona maji yanatoka mahali palipokuwa pakavu jana, ondoka. Panda juu ukaangalie majani: yakiwa yameinama upande wa shimo na hakuna upepo, basi chini yake kuna ufa. Alijua hayo yote na mengine zaidi. Lakini sikuwahi kumsikia akisema, "Ukingo huu utaanguka."

Hilo nalo lina sababu yake. Kwetu, mtu akisema jiwe litaanguka na likaanguka kweli, watu hawamsifu kwa kuwa na macho. Wanamuuliza alijuaje. Akishaulizwa hivyo, si muda mrefu ataitwa mulozi, yaani mchawi. Kikosini tulikuwa na mfano hai, Mama Vumilia, mjane kutoka Ngungu. Huko kwao alimwambia shemeji yake kwamba daraja la miti limeoza, asipite na mzigo. Shemeji akapita, daraja likakatika, na baada ya mazishi ukoo ukakaa na kuamua kwamba mwanamke huyu amemla mtu. Kwenda kuangalia ile miti iliyooza, hakuna aliyejisumbua. Akaacha shamba na nyumba, akaja kwetu na wajukuu wake, akaanza kubeba mawe bila kusema na mtu.

Kwa hiyo Papa Kalinda, akiona ukingo unaanza kutema punje, alikuwa anajikohoza na kusema, "Tuende tukunywe maji." Basi. Kila mtu aliweka jembe chini na kumfuata. Tukiwa mbali, ukingo ukaanguka, sisi tunasema Mungu ni mwema na hakuna aliyesema lolote kabla. Tulikunywa maji mengi sana enzi zile. Nadhani wakubwa waliamini kikosi kizima kina ugonjwa wa sukari.

Mtaona ilikuwa akili nyingi. Ilikuwa, mpaka walipoajiriwa wenzetu wa upande wa Walikale, watu wa msitu, hodari wa kazi. Mmoja wao aliitwa Gaspari, mrefu, mpole, mwindaji mwenye miguu iliyotembea sana. Hakuna aliyemweleza habari ya maji. Tungemwelezaje? Kumweleza ingekuwa kulisema.

Siku moja kabla ya mchana punje zikaanza. Papa Kalinda akajikohoza.

"Tuende tukunywe maji."

Sote tukaondoka. Gaspari akabaki chini ya ukingo, anajaza karai lake.

"Gaspari, maji," Papa Kalinda akamwita.

"Miye siko na kiu, Papa. Mwende tu, nitabakuta."

"Kuja ukunywe."

"Njo nasema siko na kiu."

Nilimwangalia Papa Kalinda. Kinywa kilikuwa wazi na neno limeshafika, likakwama papo hapo. Ukingo ukashuka. Tulimfukua Gaspari kwa mikono, kwa majembe, kwa vifuniko vya sufuria. Alipona, lakini mguu mmoja haukuwa mguu tena. Papa Kalinda alishika koo lake akaniambia, "Neno ilikuwa hapa, Riziki. Ilikuwa hapa." Hakurudi kazini. Mimi nikapewa ukapita, na sikufurahi hata kidogo.

Wakubwa nao walishtuka, kwa namna yao. Walituletea mtaalamu wa usalama kazini, Bwana Salehe, kijana kutoka nchi jirani. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redio, na moyo wake ulikuwa mzuri, hilo lazima niliseme mapema. Alikuja na wazo ambalo mpaka leo naliona sahihi: wafanyakazi wenyewe ndio wataje hatari na kutafuta dawa yake. Alikuja pia na mabango yaliyochapishwa kwao na marobota ya jile za rangi ya machungwa, zile zinazovaliwa juu ya shati. Kwenye kila bango na mgongoni mwa kila jile paliandikwa kwa herufi kubwa: BALOZI WA USALAMA.

Kwa Kiswahili cha Bwana Salehe, balozi ni mtu mkubwa anayeiwakilisha nchi yake, anaendeshwa kwenye gari lenye bendera. Kwa Kiswahili chetu mchawi mmoja ni mulozi, na wakiwa wengi ni balozi. Usalama nao, kwetu, ni wale watu wanaokuja kuuliza kadi yako iko wapi na jana ulikuwa unaongea na nani. Kwa hiyo tulichosoma sisi ni kwamba proje inatafuta wachawi wa kufanya kazi na wapelelezi, na kwamba kila kikosi kina nafasi.

"Nani angependa kuwa balozi?" akauliza Bwana Salehe, anatabasamu.

Mama mmoja akaanza kusali polepole. Papa Dewo, mwenye toroli, ambaye hajawahi kunyamaza mahali popote penye watu, akainua kidole.

"Bwana, hiyo kazi ya balozi inafanyika muchana ao usiku?"

"Mchana, ndugu yangu. Ingawa balozi mzuri hata usiku anawafikiria wenzake."

"Anabafikiria usiku." Papa Dewo akatugeukia. "Mumesikia. Na batoto yetu?"

"Watoto pia mtawafikia. Usalama unaanzia nyumbani."

Hapo watu wakaanza kurudi nyuma. Nikaona niingilie. "Bwana Salehe, ngoja kwanza, hilo neno..."

"Usiwe na wasiwasi, mama kapita," akanikatiza kwa upole. "Wanawake wanaweza."

Akauliza kama kuna mtu tunayempendekeza. Papa Dewo akamnyooshea Mama Vumilia. "Kama munatafuta, si uyu hapa. Kwao Ngungu balimufukuza juu ya hiyo kazi."

"Kumbe ana uzoefu," akasema Bwana Salehe, akapiga makofi peke yake. Akamvisha jile kwa mikono yake mwenyewe. Mama Vumilia hakukataa, maana kibarua hamkatai mkubwa. Alisimama akiangalia viatu vyake, na jioni akatembea hadi nyumbani kwake, kupitia sokoni, na lile neno mgongoni.

Mnacheka. Sisi hatukucheka. Jioni hiyohiyo wajukuu wake walifukuzwa bombani. Mawe yakatua juu ya bati lake kabla jua halijazama. Papa Dewo alipita kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, akasema sasa hata wazungu wa proje wamethibitisha. Tena wazungu wenyewe hawakuwapo. Vijana wakasema Jumapili baada ya ibada wataenda "kumuuliza vizuri". Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua mtu anaulizwaje vizuri, na mnajua wengi wa walioulizwa hawakujibu tena kitu chochote.

Asubuhi yake nilimkuta Bwana Salehe anakunywa chai. Nikamweleza neno kwa neno. Alicheka. Akaniangalia, akaona mimi sicheki, akaweka kikombe chini.

"Nitamvua leo hii," akasema.

"Ukimuvua umemumaliza. Watasema hata proje imemuogopa."

"Basi tufanyeje, mama?"

Hilo ndilo swali alilopaswa kuanza nalo, lakini sikumwambia. Nilimuuliza jile ziko ngapi. Akanionyesha marobota. Proje zetu zinaweza kukosa viatu, saruji, hata njia, lakini jile hazikosi.

Nikakusanya kikosi, nikainua jile moja juu.

"Hapa wameandika nini?"

"Balozi," wakajibu, kwa sauti ya watu wanaotaka kwenda nyumbani.

"Wameandika mulozi ao balozi?"

"Balozi."

"Muntu moja anaitwa balozi?"

Wakatazamana. Gaspari alikuwa amerudi kazini, amewekwa kwenye kibanda cha vifaa na fimbo yake. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. "Moja ni mulozi, Mama. Balozi ni bengi."

"Njo vile. Bwana Salehe aliomba bengi, siye tukamupa moja. Leo tunalipa deni. Kila muntu avae."

Bwana Salehe akavaa wa kwanza. Nikavaa mimi. Injinia alivaa kama mtu anayevalishwa sanda, lakini alivaa. Wapishi na madereva wakavaa, na mchungaji aliyekuja kuombea kazi akakuta jile inamngoja. Papa Dewo alijaribu kusema yake imembana, tukampa nyingine. Kufikia saa ya chakula haikuwezekana kumtafuta mchawi kwenye ile kariere bila kukamata kijiji kizima. Ile safari ya Jumapili ikafa yenyewe.

Juu ya hapo tukaweka utaratibu. Kila asubuhi, kila mtu ataje hatari moja, kwa zamu, hakuna anayeruhusiwa kupita. Nikawaambia, kila mtu aroge kidogo, ili kikitokea kitu tuulizane wote. Bwana Salehe akaongeza la kwake, na lilikuwa zuri: hatari ikishatajwa lazima apatikane mtu wa kuibeba mpaka iishe. Tukawa tunauliza, "Nani anaibeba?"

Gaspari alianza. "Ukingo itaanguka," akasema, wazi, kwa sauti ya kawaida. Lilikuwa neno ambalo halijawahi kutamkwa mahali pale. Watu wakageuka kuutazama ukingo. Ukingo ukabaki ulipo, haukuonyesha kwamba umesikia. Baada ya hapo midomo ikafunguka. Dereva wa lori anarudi nyuma bila kuangalia. Mipini ya nyundo imelegea. Maharage ya mpishi, hilo lilisemwa pia, na mpishi akalibeba kwa uchungu mkubwa. Papa Dewo kila siku alitaja nyoka, kwa sababu nyoka hana ndugu wa kulalamika.

Msifikiri tulikubaliana. Kuhusu ukingo injinia alisema tukate kuanzia juu, kwa ngazi, tushuke polepole. Wanaume wakakataa: tulikuwa tunapimiwa malipo kwa malori yaliyojaa, na kukata ngazi hakujazi lori. Wanawake waliolima milimani wakasema shamba la mteremko hulimwa hivyohivyo. Wakajibiwa kwamba maharage hayapandi lori. Tuligombana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Gaspari ndiye aliyesema kitu kilichotuudhi sote, injinia na vibarua pamoja: "Siye hatuko tunakufa sababu ya ukingo. Tunakufa sababu ya kipimo." Injinia alinuna. Sisi tulinuna, maana kwenye kipimo hicho wenye nguvu walikuwa wanafaidi. Lakini kilibadilishwa, ngazi zikakatwa, na injinia akaenda kueleza mjini kwamba kubadilisha kipimo ni wazo lake. Tulimwachia. Mkubwa akiiba wazo lenu jema, angalau atalilinda.

Halafu siku moja upande wa zamani, ule wenye tumbo lililochimbwa, ambao tulikuwa tumeuacha, ukaanguka. Ulianguka wote, kwa kelele ambayo tuliisikia miguuni. Vumbi lilipotulia tulihesabiana tukajikuta wote tupo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alijuaje. Watu walikumbatiana, Papa Dewo akalia, na mimi nikaanza kuwahesabu upya.

Mngetaka niishie hapo. Bwana Salehe naye alitaka kuishia hapo, alikuwa ameshaanza kupiga picha. Lakini muda wote huo, zamu ya Mama Vumilia ilipofika, alikuwa anasema tu, "Nakubali ya mwenzangu." Jile zilizuia watu kumwendea nyumbani. Hazikuwazuia kuacha nafasi kwenye benchi alipokaa, wala kuikataa chumvi iliyotoka mkononi mwake. Wajukuu wake walikuwa bado wanateka maji mtoni, mbali, wakati bomba liko karibu na mlango wao.

Asubuhi baada ya ukingo kuanguka, zamu ikamfikia.

"Leo niko na yangu," akasema. Hakuinua sauti. "Hatari yenye miye naona hapa njo ninyi. Ukingo ilianguka mara moja. Ninyi munaniangukia kila siku."

Sikuwa na namna. Utaratibu ni utaratibu, na niliusimamia mimi. Nikauliza, "Nani anaibeba?"

Walioibeba habari ya dereva, ya nyundo, hata ya maharage, wote waliangalia chini. Bwana Salehe alitaka kusema kitu, nikamwashiria anyamaze. Nilikuwa tayari kusubiri mpaka jioni, na walijua.

"Leteni," akasema Papa Dewo.

Mama Vumilia akamgeukia. "Utaipeleka wapi?"

"Kwenye niliitolea."

Jumapili tulikuwa kanisani. Nilikaa karibu na Mama Vumilia, bega kwa bega, wajukuu wake upande wa pili. Ulipofika wakati wa matangazo, baada ya ndoa zinazokuja na kabla ya mbuzi aliyepotea, Papa Dewo akasimama. Mtu yule ambaye hawezi kuomba maji bila hotuba, siku hiyo maneno yalimwishia.

"Miye njo nilisema Mama Vumilia ni mulozi," akasema. "Sikuonaka kitu. Nilisema tu."

Akabaki amesimama, hajui kama aketi. Mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Gaspari, ambaye hakuwahi kusema neno baya juu ya yule mama, alisimama kwa fimbo yake, akasema hata kunyamaza kwake kulimpa Papa Dewo nafasi. Kisha wakasimama wengine wa kikosi, mmoja hapa, mmoja kule, na wale wa kwaya. Wengi, si wote. Ambao hawakusimama ninawajua mpaka leo, na nikipishana nao njiani tunasalimiana vizuri sana.

Mama Vumilia alibaki amekaa, mikono juu ya magoti. Yeye hakuwa na sababu ya kusimama.